Fahali wa Kalenda

Jumatatu, 27 Februari 1978

Ninaliomba radhi daftari hili. Tangu Krismasi sijaandika hata mstari mmoja. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa na furaha, na furaha hunifanya mvivu wa kalamu.

Nimefungua duka saa mbili. Chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe, kamba, majembe. Wateja wanne kabla ya saa nne, wawili wametoka Nyololo. Niliwauliza ni nani aliyewaelekeza hapa Mwanjelwa. Wakajibu: kalenda.

Nilibishana na wengi kuhusu kalenda hizo. Walinishauri nichapishe matangazo ya kugawa barabarani. Tangazo la karatasi husomwa mara moja, kisha husokotewa tumbaku. Kalenda hutundikwa mwaka mzima. Mfugaji huandika juu yake siku ya kuogesha ng'ombe, siku ndama alipozaliwa, siku ya mtoto kwenda kliniki. Kila akiitazama, jina la duka langu lipo, chini ya picha ya fahali wa mdogo wangu Lazaro. Fahali mweusi, mwenye baka jeupe begani mfano wa jani. Nilimleta mpiga picha kutoka Iringa kwa ajili yake tu. Sijutii.

Alhamisi, 2 Machi

Amekuja Mzee Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia Usangu na familia yake miaka michache iliyopita. Hakununua kitu. Aliikunjua kalenda yangu mezani, akaweka kidole juu ya fahali.

"Mwalimu, ng'ombe yangu hii. Ilipotea masika iliyopita. Sasa kila asubuhi inaniangalia pale ukutani."

Sikumsahihisha Kiswahili chake, ingawa niliwahi kufundisha. Nilimwambia ng'ombe weusi ni wengi. Alisema wake ana alama: sikio la kushoto limekatwa mara mbili. Kwenye kalenda sikio limetoka weusi mtupu, chapa haikuwa safi. Akauliza kama ninayo picha yenyewe. Nikasema nitaitafuta.

Uongo. Imo ndani ya droo ya meza ile ile aliyoiegemea.

Alipoondoka niliitoa, nikavaa miwani. Sikio la kushoto. Mikato miwili.

Jumamosi, 4 Machi

Nimekwenda Usangu kwa basi. Nilimkuta Lazaro zizini. Sikio la kushoto la fahali limekatwa hadi nusu. Kidonda kibichi, nzi wamejaa. Lazaro alisema ni fisi. Fisi hang'ati kwa mstari ulionyooka.

Nilimwuliza mara moja tu. Akaeleza. Fahali alijileta mwenyewe wakati wa mvua. Akamfungia pamoja na ng'ombe wake. Baadaye alisikia kwamba Masanja anamtafuta, naye hakusema neno.

Nilimwuliza kwa nini basi aliniruhusu nimpige picha.

"Ulikuja na mtu kutoka Iringa, kaka. Ulikuwa umefurahi. Ningekukataliaje?"

Nina hasira naye. Nina hasira na nafsi yangu zaidi.

Jumapili, 5 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Jumatano, 8 Machi

Masanja ameshtaki kwenye baraza la kijiji chao, kule Usangu. Kikao ni Jumanne. Wazee wamekwisha kusema: akishindwa kuthibitisha, ahame na mifugo yake yote, maana ni mgeni na amemwita mwenyeji mwizi.

Lazaro amekuja dukani mchana, viatu vimejaa vumbi. Hakutaka kuketi. Sikio limekwisha kukatwa, ushahidi uliobaki ni picha tu. Mpiga picha alikwisha kuniambia kwamba filamu yake iliharibika. Kwa hiyo ni hii moja.

"Ichome, kaka. Wizi wa ng'ombe ni jela. Nikiingia huko, watoto watalelewa na nani?"

Baba alipofariki, Lazaro aliacha shule darasa la nne akachunga ng'ombe, ili mimi niendelee hadi chuo cha ualimu. Leo hakulitaja hilo. Hakuwa na haja ya kulitaja.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeshika kiberiti mara mbili. Nimekirudisha mara mbili.

Mteja ameniomba kalenda. Nikamwambia zimekwisha. Zipo nyingi, nimezificha chini ya magunia. Ni upuuzi. Zilizotoka haziwezi kurudi. Zimo katika nyumba, zahanati, vilabu vya pombe, kutoka hapa hadi Mufindi. Nilitaka fahali yule aonekane kila mahali. Ameonekana.

Jumatatu, 13 Machi

Masanja amepita. Hakuuliza habari ya picha. Amenunua chumvi nusu ya anayonunua siku zote.

"Tukihama, ya nini kubeba mzigo?"

Amenishukuru kwa kumpimia vizuri. Laiti angenitukana.

Jumanne, 14 Machi

Baraza limekutana katika ofisi ya kijiji. Nyuma ya kiti cha mwenyekiti ilitundikwa kalenda yangu. Fahali alinitazama muda wote. Masanja alieleza. Watu walicheka alipotaja sikio, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kuliona lilivyo sasa. Mmoja alisema, "Babu, hebu tuoneshe hilo sikio lako." Wakacheka tena. Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwenye ushahidi.

Nilisimama. Niliiweka picha mezani. Nikasema imepigwa mwaka jana, nami nilikuwepo.

Kicheko kilikoma. Lazaro hakuitazama picha. Alinitazama mimi. Nilirudi kuketi nilipokuwa, kando yake, kwenye benchi lile lile. Hakusogea. Mimi pia sikusogea.

Fahali amerudishwa kwa Masanja. Wazee watakutana tena baada ya Pasaka kuamua kama Lazaro atalipa faini hapo kijijini, au atakabidhiwa polisi.

Ijumaa, 17 Machi

Mvua tangu asubuhi. Wateja wachache.

Shemeji, mke wa Lazaro, amekuja. Ameniamkia kwa heshima, kama siku zote. Ameniachia kalenda yao, imekunjwa mara nne, akaondoka bila kunywa chai.

Nimeikunjua. Kwenye Jumapili ya Pasaka pana maandishi ya penseli yaliyoanza kufifia, herufi kubwa za darasa la nne: Kaka anakuja.

Nimeitundika hapa juu ya meza. Wazee wakikata shauri, nitaliandika juu yake, lolote litakalokuwa.