Mashine Isiyozimwa

Malindi, siku ya kumi baada ya Idd

Kaka Faris,

Shikamoo. Natumai hujambo huko Doha. Sisi tupo. Matanga tumeshaanua, na mama ameanza kula kidogo.

Kwenye simu nilikwambia baba amefariki siku ya tatu ya Idd, nikakata. Kuna jambo sikulisema.

Wakumbuka chumba chake cha gemu kilivyojaa watoto kila Idd? Ilibaki mashine moja tu, ile uliyowekea alama za juu kuliko wote, ukaandika FAR, herufi za mwanzo za jina lako. Miaka minane tangu uondoke, kaka, hakuizima. Aliiunganisha na betri ya gari ili stima ikipotea alama zako zisifutike.

Idd hii stima ilipotea. Watoto wakaja, nikafurahi, kumbe wataka kuchaji simu tu. Nikaichomoa mashine kwenye betri, nikawachomekea simu zao.

Baba aliporudi kutoka kuswali akakuta kioo cheusi. Hakunigombeza. Aliirudisha kwenye betri, akaiwasha, akavuta kigoda, akacheza kutwa, na kesho yake pia.

"Faris akija asikute patupu," alisema.

Hata nusu ya alama zako hakufika. Lakini kila mchezo ulipoisha aliandika FAR, mpaka orodha nzima ikawa jina lako, na alama chache za mzee.

Mnunuzi wa vyuma chakavu aja Jumamosi. Njoo uizime wewe. Mimi siwezi mara ya pili.

Nduguyo,
Sumeiya