Mbwa wa Mbuzi

Jumanne, Garissa

Mzee Gedi ameshikilia kwamba yule mbwa si wake, ni wa mbuzi. Makwapa ya mbwa yamekuwa meusi na yananuka uchachu. Nilibandika selotepu pale, nikaitazama kwa hadubini, nikamwambia mzee ni fangasi wa jamii ya hamira.

"Wallahi daktari, mimi nampa maziwa tu! Hamira ni ya mke wangu, anamtupia mikate ya anjera anayoiumua nayo."

Nilieleza wee, lakini mama wa watu keshahukumiwa.

Aoshwe kwa shampuu ya dawa mara mbili kwa wiki. "Nani atamwosha, mbuzi?" nikamuuliza. Akaomba glavu.

Nina wasiwasi. Mbwa anayejikuna usiku kucha halindi zizi, na fisi...

Halafu dirishani nikamwona mzee, glavu mfukoni, akimkuna mbwa sikio kwa mkono mtupu na kumwita "aabo", kama anavyowaita wanawe.