Feni ya Shemasi Célestin

Jumatatu, 5 Agosti

Nimejaza maji. Nimetia chupa mbili za barafu. Nimefunga madirisha yote na kuziba upenyo wa mlango kwa kitenge, kama Shemasi Célestin alivyoagiza. Mashine inavuma. Emmanuel amelala kifudifudi mbele yake, mgongo wazi. Nimemuuliza anajisikiaje. Vizuri, amesema.

Wiki ya tatu sasa. Asubuhi naijaza kabla ya kwenda hotelini, saa saba narudi mbio kubadilisha barafu, kisha naenda tena mapokezi kutabasamu. Sichoki. Kwa miezi minane nilikuwa namtazama tu. Sasa kuna kitu mikono yangu inafanya.

Ngozi iliyoungua haitoi jasho. Sikujua hilo mpaka tulipotoka hospitali. Mgongo, kifua, mikono yote miwili ni kovu tupu, na joto likimwingia mwilini halipati pa kutokea. Daktari alisema mtafutieni chumba cha baridi. Sisi tuna mabati yasiyo na dari, na jua linapiga ukuta wa chumba kuanzia saa sita mpaka jioni. Watu husema Gisenyi hakuna joto. Waje walale kwangu saa tisa mchana.

Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, kwa hiyo kiyoyozi cha ukutani hakikuwezekana. Célestin ni shemasi wetu, ana duka la vifaa vya umeme karibu na soko. Alikuja hapa, akashika mkono wa mume wangu, akamwombea mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake akaniambia anacho kiyoyozi cha magurudumu, kisichotaka bomba wala fundi. Mungu ambariki.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemkuta sakafuni.

Saa saba na robo. Mlango ulikuwa mzito kufunguka, kwa sababu mguu wake ulikuwa umeuzuia kwa ndani. Chumba kilikuwa kama jikoni ugali unapochemka. Kuta zinatoa maji. Shuka limelowa. Mwili wake ulikuwa wa moto kuliko ule wa binti yetu Aline, ambaye sasa ameolewa, alipougua malaria akiwa mdogo. Alikuwa anaongea maneno yasiyounganika, kuhusu tangi. Lile tangi alilokuwa analichomelea, walilomwambia ni tupu, likamlipukia.

Jirani alisaidia kumbeba. Kituo cha afya walimmwagia maji, wakamwekea dripu. Muuguzi akauliza nani alimfungia mtu wa namna hii kwenye chumba kisicho na hewa.

Mimi, nikasema.

Alhamisi, 8 Agosti

Dada yake Béatha ameshuka kutoka Bugeshi kumchukua. Kule mlimani, chini ya volkano, watu wanavaa makoti mchana. Ana chumba, ana viazi, ana ng'ombe. Hakunigombeza. Amesema tu kwamba Emmanuel atakaa huko. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, "Mpaka uwe na mahali pa kumweka."

Nimekunja shuka lake. Nyumba ni kubwa ghafla. Naiandika hii kwa Kiswahili cha utoto wangu wa Karagwe, kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayekisoma bila kukwama, na leo hata humu ndani hakuna mtu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeipeleka mashine hotelini kwa pikipiki, nimeikumbatia njia nzima. Nilidhani imeharibika. Nilitaka Papa Gloire aitengeneze ili Emmanuel arudi.

Papa Gloire ndiye fundi wa friji na viyoyozi pale kazini. Anakaa Goma, upande wa Kongo, anavuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi na mfuko wake wa spana. Aliifungua mgongo. Akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mama Aline, hii haiko clim. Hii ni feni, iko na maji tu."

Clim kwao ni kiyoyozi. Akanionyesha. Feni. Pampu ndogo kama kidole. Pazia la karatasi ngumu linalolowana. Basi.

"Compresseur iko wapi? Gaz iko wapi? Tuyau ya kupeleka joto inje iko wapi? Joto haikufi, mama. Inahama tu. Kama haina njia ya kutoka, inabakia na we mu nyumba."

Akanipeleka ukumbi wa mikutano, kwenye kiyoyozi cha kweli cha magurudumu. Ndani yake kuna gesi inayozunguka kwenye mirija. Kompresa inaibana gesi, inakuwa ya moto sana. Moto huo unapulizwa kwenye bomba nene linalotoka dirishani. Ikishapoa inaachiwa ghafla, inakuwa baridi, na hewa ya chumba inapita juu ya mirija hiyo ya baridi na kurudi imepoa. Hata unyevu wa hewa unageuka maji yanayodondokea kwenye trei. Yaani clim inatoa maji chumbani. Yangu ilikuwa inayaingiza. Dirisha likiwa wazi na hewa ikiwa kavu, ile feni ingesaidia kidogo. Ukifunga kila kitu, hewa inashiba maji na inabaki pale pale, moto na mzito.

Ubavuni palibandikwa karatasi: CLIMATISEUR, kiyoyozi kwa Kifaransa. Papa Gloire akaikwangua kwa kisu. Chini yake kulikuwa na maandishi ya kiwandani, kwa Kiingereza. Aliyesoma ni meneja, aliyekulia Uganda. Kipoza hewa cha maji. Tumia madirisha yakiwa wazi.

Karatasi ile ina jogoo mwekundu pembeni. Jogoo huyo huyo yuko kwenye risiti yangu na kwenye kibao cha duka la Célestin.

Hakudanganywa. Aliibandika mwenyewe. Halafu akaniambia nifunge.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani. Amesoma matangazo akiwa na suti ya kijivu. Amewaomba watu wamkumbuke ndugu yetu Emmanuel, aliyezidiwa. Nimemtazama shingo muda wote wa ibada. Sikuomba. Nimepanga.

Jumanne, 13 Agosti

Leo nimepata stoo isiyotumika hotelini, nyuma ya chumba cha dobi. Dirisha limefungwa, mlango umefungwa, vipimajoto viwili nimeazima kwenye friji za jikoni. Feni ya Célestin imewashwa na barafu yake. Dakika kumi za kwanza joto lilipungua kidogo, nikaogopa. Baada ya saa moja joto lilikuwa limerudi na kupita pale lilipoanzia, na kioo cha dirisha kinatiririka. Nikaketi humo ndani kwa makusudi, mlango umefungwa. Nilitaka kujua alichokijua Emmanuel. Mimi natoa jasho na bado nilitoka nimeshika ukuta.

Siku zote nimekuwa mwanamke wa kunyamaza. Nasema pole hata nikikanyagwa. Hii haitakuwa hivyo. Namtaka aaibike mbele ya watu anaowauzia, kwa lugha wanayoielewa, na asipate pa kujificha.

Kila jioni namuuliza Papa Gloire jambo moja. Tofauti ya kiyoyozi cha bomba moja na cha mabomba mawili. Ukubwa gani kwa chumba gani. Nayakariri kama katekisimu. Shemasi hatapata swali la kunishinda.

Jumamosi, 17 Agosti

Imefanyika.

Saa nne, duka limejaa. Nilijua litajaa, Jumamosi wateja wa Goma wanavuka kwa wingi. Niliingia na mashine yangu, nikaiweka juu ya kaunta. Célestin akafungua mikono.

"Mama Aline, karibu sana. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Alisema kwa Kinyarwanda. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Shemasi, nimekuja unifundishe. Hii inatoa joto kupitia wapi?"

Akatabasamu. Akasema ni teknolojia mpya, haihitaji bomba.

"Na joto la chumba linakwenda wapi?"

"Linamalizwa na barafu."

"Barafu imeganda kwenye friji yangu, na friji inatoa joto lake jikoni kwangu. Kwa hiyo nimelihamisha kutoka chumba hadi jikoni, na feni yako inaongeza lake. Kompresa iko wapi? Nionyeshe."

Mama mmoja mwenye saluni kule Goma alikuwa amekwisha chagua mbili, mbeba mizigo amezifunga kamba. Akasogea.

"Unasema hii haiko clim?"

Nikageuza ubavu. Nikaomba mashine mpya moja kutoka rafu. Hakuna aliyetembea kuniletea, nikaichukua mwenyewe, nikakwangua karatasi ya jogoo kwa ukucha mbele ya wote. Herufi za kiwanda zikatokea. Nikawasomea kwa Kiswahili, kama meneja alivyonisomea. Nikarudia ile ya madirisha kuwa wazi. Kisha nikasema mume wangu hatoi jasho, huyu anajua, alimshika mkono akamwombea, na aliniambia nifunge kila dirisha.

Mama wa saluni akamwambia mbeba mizigo afungue kamba.

Célestin alitokwa na jasho. Nililiona likishuka kwenye sikio. Nikafikiri: bahati yako, wewe unaweza.

Nimefurahi. Naandika ukweli. Sijawahi kufurahi hivi tangu ajali. Nimekula chakula chote.

Jumapili, 18 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimepanda Bugeshi kumwambia Emmanuel.

Alikuwa nje, ameketi ukutani mwa zizi, sweta begani. Amenenepa kidogo. Nikamsimulia yote, hata jasho la sikioni. Nilingoja acheke. Alikuwa anatazama shamba la viazi.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba haipozi. Mimi ni mtu wa vyuma, Mama Aline. Nilitafuta bomba la joto sikuliona."

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anasema vizuri, vizuri, kila siku.

Akasema, "Ulikuwa umeacha kulia."

Nimeshuka na gari la jioni. Sikuweza hata kumuaga vizuri. Wiki tatu nimempika kwa mvuke kama samaki na yeye ananishukuru. Na mkono wangu haukuwahi hata mara moja kugusa ile hewa kwa makini, kwa sababu nilitaka iwe baridi.

Namchukia Célestin zaidi leo. Ni rahisi.

Jumanne, 20 Agosti

Célestin amekuja hotelini. Hana suti. Nilimwambia asubiri zamu yake, kuna wageni. Akasubiri nyuma ya Wabelgiji wawili na masanduku yao. Nilichukua muda wangu.

Watu wanarudisha mashine kila siku. Mchungaji amemsimamisha ushemasi. Anataka niseme kanisani kwamba nimemsamehe. Alikiri: alijua ni feni ya maji. Alidhani Gisenyi haina joto la kumdhuru mtu.

Nikamwambia hapana.

Akainama kwenye kaunta, akasema polepole, "Na wewe, siku zote zile, hukuhisi kwamba hakuna baridi?"

Swali lilinichoma pale pale. Alijua litachoma.

Nikamwambia, "Kosa langu nalijua. Lako lipeleke Bugeshi. Kamwambie mwenyewe aliyeanguka."

Akatoka. Nikakosea kuandika jina la mgeni mara mbili.

Jumamosi, 24 Agosti

Emmanuel ameshuka kwa siku moja. Ni yeye aliyetaka. Kasema safari hii tunachagua wote.

Ameniambia pia: Célestin alifika Bugeshi juzi, viatu vimejaa matope. Alikaa mpaka mchana. Walikula viazi. Emmanuel amemsamehe. Nikamuuliza kwa ruhusa ya nani. Akasema kwa ruhusa ya mgongo wake. Mimi sijasamehe.

Hotelini wanaweka viyoyozi vya ukutani ukumbini, kwa hiyo viwili vya magurudumu vinatoka. Meneja kanipa nafasi ya kwanza ya kununua. Kimoja cha bomba moja, ni kidogo na chepesi. Emmanuel akauliza kabla yangu: hewa kinayotupa nje kinaitoa wapi? Papa Gloire akampenda hapo hapo. Kinaitoa chumbani, na nyingine ya moto inaingia chini ya mabati kujaza pengo. Kwa nyumba yetu yenye matundu, hasara. Cha mabomba mawili kinavuta hewa ya nje kwa bomba moja na kuirudisha nje na joto kwa la pili. Kizito, kelele nyingi, kompresa iko chumbani nawe. Tumechukua hicho. Soketi yake peke yake, bila waya wa kuungaunga. Na dari kwanza, akasema fundi, hata ya turubai, la sivyo tunapoza mabati.

Emmanuel amepima dirisha kwa kamba. Anataka kukata bati la kushikilia mabomba mwenyewe.

Jumatano, 28 Agosti

Turubai imefungwa. Emmanuel ameshuka tena, amekata bati asubuhi, kivulini, dakika kumi kazi, dakika ishirini pumziko, kitambaa cha maji begani. Hakuchomelea. Alikunja kingo kwa nyundo. Matundu mawili ya mviringo, safi. Mwenye nyumba amekuja, amekagua ukuta, hakuona alama, ameondoka.

Béatha amesema tujaribu wiki moja, ndipo aamini.

Alhamisi, 29 Agosti

Sina zamu leo. Jua limefika ukutani kama kawaida yake. Mashine inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Nimemwaga trei mara moja. Nje ya dirisha ukiweka mkono kwenye bomba, moto.

Saa nane Emmanuel amesema baridi imezidi. Nimeinuka nikaipunguza. Akasema sasa iache hivyo hivyo.