Nyota Tatu Mchana

4 Machi

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa kusoma.

Kila mara unaniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana jua linachomoza lenyewe bila kusaidiwa. Haya, leo nakujibu. Tunasoma maandishi ya watu wa kale: mji fulani ulichomwa, watu wakachinjwa, na siku hiyo jua likapatwa, mchana ukawa usiku. Tukipiga hesabu tunakuta kivuli cha mwezi kilipaswa kuangukia mbali kabisa na mji huo. Lakini mwandishi hakukosea. Zamani dunia ilizunguka kwa kasi zaidi kidogo kuliko leo, na tumelijua hilo kwa sentensi moja ya mtu aliyekuwa anakimbia upanga.

Ubishi wetu ni huu: kumbukumbu ya mtu wa kawaida tuiamini kiasi gani? Kwa hiyo ninakusanya maelezo ya siku ambayo njia ya kivuli tunaijua vizuri, ile ya utotoni mwangu. Najua ndiyo siku aliyouawa baba tanurini kwake, alikochomea matofali, na inauma. Lakini wewe ulikuwa mjini, mlangoni pa bucha yako. Niandikie ulichokiona, kwa maneno yako mwenyewe.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Shangazi zako wazima, wanagombana kama kawaida.

Kumbe umesoma miaka yote hiyo ili usome porojo za wafu! Sikiliza basi porojo ya aliye hai. Upepo ulikuja wa baridi, mara giza, pu! Jua likawa sahani nyeusi yenye nywele nyeupe pande zote. Zikatoka nyota tatu, moja kubwa inang'aa karibu na jua lenyewe. Kunguru wote kimya. Nilisahau hata nilichoshika mkononi. Halafu likachungulia tone moja la moto, na mchana ukarudi. Sijaona tena kitu kizuri namna ile maishani mwangu.

Sasa ya hapa. Yule fundi baiskeli aliyemuua baba yako katoka jela. Yuko kwa dada yake, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga. Ni mimi niliyeapa mahakamani kwamba nilimwona, nikiwa buchani, akipita mbio kuelekea tanurini. Siku ile tulimvunja taya na vidole kabla polisi hawajatunyang'anya. Safari hii wakija watakuta maiti. Vijana wangu wawili wa bucha wako tayari. Ila wewe ndiye uliyeachwa yatima, kwa hiyo nataka neno lako.

Baba yako mdogo

2 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Huku salama.

Neno langu ni hapana. Usimguse Fundi. Nakuomba kwa yote uliyonifanyia.

Kuhusu jua, kuna jambo. Wote waliotuandikia kutoka mjini wanasema halikuzimika. Kilibaki kipande chembamba kama ukucha. Hata mimi na mama tulikiona kwenye beseni la maji uani, na hatukuona nyota. Giza kamili liliishia ng'ambo ya vilima, kule kwenye matanuri. Labda ulisimuliwa na vibarua wa kule? Mtu huweza kuchanganya alichoona na alichosikia, si dhambi. Ukiniambia hivyo nitaandika hivyo. Tafadhali nijibu upesi.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ingawa umenichefua.

Mimi nisimuliwe? Nimeona kwa macho yangu haya! Mama yako alikuwa ameinamia beseni, angeona nini zaidi ya maji ya vyombo? Waambie hao wenzako wenye miwani waandike vizuri: nyota tatu, na ile kubwa ilikaa juu kabisa ya bomba la moshi. Nani anaweza kubuni kitu kama hicho?

Ya Fundi, huruma yako ni ya mtu asiyeishi hapa. Jumapili tulivunja mlango. Dada yake akatumwagia maji ya moto, kijana wangu mmoja kaungua shingo yote. Nilimpiga Fundi kwa mgongo wa shoka la kukatia mifupa, nikazisikia mbavu zinakatika. Jicho la kushoto limekwisha. Majirani wakapiga mayowe, tukaondoka. Yuko hospitali, bado anapumua. Siku moja atatoka, na mimi nipo.

Baba yako

20 Aprili

Baba mdogo,

Leo sikuamkii.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nikakufungulia mlango wa kutokea kwa sababu ni wewe uliyenilea, ukanisuka nywele vibaya kila Jumatatu kabla ya shule, tukacheka wote. Nilipokuwa nangoja utoke, wewe ulikwenda kuvunja mlango wa watu. Hilo nitalibeba.

Bucha yako haina bomba la moshi. Tanuri la baba lilikuwa nalo. Kama ulikuwa tanurini, basi hukuwa mjini, na hukumwona Fundi akipita. Yeye alimwambia hakimu kwamba alikuwa kibandani kwake mjini akiziba tairi, na kwamba jua lilibaki kama ukucha. Mlicheka, wewe wa kwanza. Nimeyasoma maneno yake kwenye kumbukumbu za kesi. Yanalingana na ya kila mtu wa mjini. Wewe peke yako uliona nyota.

Sijui baba alikukosea nini. Alikuwa kaka yako, na alipasuliwa kichwa kwa koleo. Nakuchukia, na bado nimekaa hapa nawaza goti lako litakavyouma kwenye sakafu ya saruji.

Aliyekukabidhi bahasha hii ni askari. Wenzake wako nje, na barua zako mbili wanazo. Weka chini kisu uondoke nao. Uliniandikia kwamba ulisahau ulichoshika mkononi. Jaribu kukumbuka, maana utaulizwa.

Binti wa kaka yako