Nondo wa Chupa ya Samli

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwagilia kitalu. Miche mitatu ya parachichi imekunjwa majani tena. Kiwavi mkunjamajani wa chupani bado mzima: kijani, kichwa cheusi. Nimemtekenya kwa unyasi. Akarudi kinyumenyume, akajishusha kwa uzi. Bwana shamba Elia alisema viwavi wa kundi hili ndivyo walivyo. Mama anadai chupa yake ya samli. Asubiri. Elia ameahidi kuja na wazee wake kunichumbia kabla nondo hajatoka.

Alhamisi, 6 Machi
Kiwavi amejifungia ndani ya jani, amekuwa pupa. Siku kumi hivi atatoka nondo, kwa mujibu wa daftari aliloniachia Elia. Nimempigia simu. Hakupokea. Wiki iliyopita nilimuuliza tarehe kamili ya kuja. Swali moja tu! Tangu hapo kazi zimemzidi huko Katesh. Bwana shamba mzima, anarudi nyuma kama kiwavi.

Jumanne, 11 Machi
Nimesoma daftari tena. Nondo huyu mabawa yakitulia, ana umbo la kengele. Dume ana mkunjo kwenye ukingo wa bawa la mbele, humo anaficha manukato mpaka ampate jike. Jike hana mkunjo. Nilicheka sana alipokuwa ananisomea. Mjinga mimi. Sitaki kulia, nalia.

Jumamosi, 15 Machi
Asubuhi nimepiga. Amepokea mdogo wake wa kike.

"Shikamoo dada. Kaka ameacha simu. Amekwenda ukweni na wazee."

Ukweni! Si ni hapa kwetu Dongobesh? Nikafagia uwanja. Mama akachinja jogoo. Baba akavaa koti. Nikavaa gauni la Pasaka. Kila gari la Katesh likisimama, moyo unaruka.

Saa kumi jioni nikapiga tena, nikauliza wamekwama wapi.

"Hawajakwama, dada. Wako Gitting, kwa wakwe. Hapa kwenye simu umeandikwa Kitalu Dongobesh. Ni mambo ya miche?"

Nikasema ndiyo, ni mambo ya miche.

Baba alivua koti. Jogoo tulimla. Mimi sikuona ladha.

Jumatatu, 17 Machi
Ganda la pupa limechomoza nusu nje ya jani, tupu. Nondo yuko kwenye kioo cha chupa, wa kahawia. Nimeangalia ukingo wa bawa muda mrefu. Hakuna mkunjo. Jike.

Elia ametuma meseji: samahani. Nimeifuta. Namchukia. Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniua.

Ijumaa, 21 Machi
Jike amekufa. Ametaga kwenye kioo, mayai yamelaliana kama mabati ya paa. Alitaga bila dume. Hayataanguliwa.

Nimeyakwangua kwa ukucha. Nimeosha chupa kwa maji ya moto, nikamrudishia Mama. Ameifuta, akajaza samli.