Malaika Asiye na Uso

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unguja nzima hapana fundi wa kutarizi anayenishinda. Bibi yako kasoma hapa begani kwangu, kacheka. Basi nafuta: yeye ananishinda.

Unauliza mbona malaika niliyekutumia hana uso. Miaka ya tisini nilimshonea vipambo vya Krismasi mwenye duka la watalii. Nilikaza kitambaa kwenye fremu, cherehani ikamtarizi malaika na mabawa yake, nikamkata. Hayawani yule akamtupa mezani.

"Mtie macho, au usirudi."

"Kwani wewe ulimwona wapi?"

Sikurudi. Nisiyemwona simbunii uso. Lakini hasira ninazo mpaka leo, maana mabawa yale hata hakuyatazama.

Na ile sindano ya cherehani uliyonivunjia likizo, bado nnaidai. Niletee.

Babu yako