Mtu Mzima wa Kumi

Jumatatu, 2 Machi 1998
Tumepata! Kampuni ya Ulaya inayotafuta dawa ya ini imeipa kazi maabara yetu – chumba kimoja na nusu hapa Ukunda! Damu ya wagonjwa kumi, damu ya wazima kumi. Sisi tuitoe, tuipakie kwenye barafu, ndege iondoke nayo. Daktari Katana ameniambia wakiridhika na mzigo huu watatupa mkataba wa miaka mitatu, nami nitaajiriwa rasmi. Nthenya mie, binti wa muuza mbuzi wa Taru! Nimecheka hadi nikashikwa na kwikwi.

Jumatano, 4 Machi
Wagonjwa tayari, wote wa Msambweni. Mzee Matano hakutaka kuiona sindano, akanisimulia minazi yake mmoja mmoja hadi nikamaliza. Wazima watatoka hoteli za Diani. Sharti kubwa: wasiwe wafanyakazi wa maabara. Daktari na mimi tumetia sahihi.

Alhamisi, 5 Machi
Loo! Wazima wamekuja tisa. Wa kumi, Philister wa mapokezi, amezidiwa na wageni, hakutokea. Dereva anapiga honi, barafu inayeyuka, Daktari yuko Mombasa na karatasi za ndege. Basi nikakunja mkono wa blauzi nikajidunga sindano, nikajitoa damu mwenyewe. Barabara kabisa! Kwenye chupa: namba ishirini. Kwenye daftari: Philister. Mzima si mzima tu? Zimeondoka zote. Nimejipongeza kwa soda mbili.

Jumanne, 24 Machi
Faksi! Mkataba ni wetu! Daktari, mtu wa kubania hata tabasamu, amenishika mikono tukaizunguka meza. Kisha akasoma ukurasa wa pili. Namba ishirini si mzima. Ana virusi vya ini, na ini limeanza kuumia. Aitwe leo, watamtibu wao.

"Masikini," Daktari akasema, akilitazama jina kwenye daftari. "Nenda ukamlete huyo Philister, mwanangu. Usimtishe."

Nikavaa viatu. Nikafika mlangoni. Kile kicheko cha kuzunguka meza bado kimenishika, hakizimiki – wazimu gani huu! Philister yuko kazini kwake, ini lake salama. Nikisema, mkataba umekwenda, na kazi yangu nao. Nikinyamaza, atatibiwa nani?

Naogopa. Nacheka na naogopa.

Nimerudi kitini. Daktari anauliza mbona bado nipo. Nimemwambia namalizia kuandika kitu kidogo. Mkono wa blauzi nimeshaukunja, nimwonyeshe namba ishirini.